Miche ya migomba ya chupa kutoka kitalu cha Goba

Wengi hudhani bayoteknolojia ni kubadili jeni tu, ilhali miche 20 niliyoinunua kwenye kitalu kimoja cha Goba, jijini Dar es Salaam, haikubadilishwa jeni hata moja: kipande kidogo cha ncha ya chipukizi la mgomba wenye afya husafishwa na kukuzwa maabara ndani ya chupa yenye virutubisho, kikatoa machipukizi mengi yanayofanana na mama yake. Faida yake niliiona nilipochana mfuko wa kwanza, kwani mizizi ilikuwa myeupe, bila alama ya minyoo fundo (minyoo midogo sana inayovimbisha mizizi) wala tundu la fukusi, wadudu ambao machipukizi ya kuchimba shambani huja nao mara nyingi. Miche 19 imeshika vizuri.

Ninachokilalamikia, na kwa uzito, ni kwamba muuzaji hakutueleza kuwa usafi huo si kinga. Ukipandwa kwenye udongo wenye ugonjwa wa mnyauko, mche huu huweza kuugua kama mwingine wowote wa aina yake. Mifuko nayo haikuwa na lebo, hivyo aina mbili za migomba, Williams na FHIA 17, zilichanganyika. Kitalu kikianza kuandika majina ya aina, nitarudi kuongeza mingine 30.