Lenzi ya kuanzia picha za sura: kabla ya kutoa hela, uliza mota

Msomaji mmoja kaniandikia: kanunua lenzi Kariakoo, kaifunga kwenye Nikon D3300 yake, haishiki fokasi yenyewe. Nimecheka, maana na mimi yalinikuta. Niliinunua hiyohiyo, 50mm f/1.8D, kwa ajili ya sendofu ya binamu yangu, nikarudi na picha ambazo hereni inang'aa, macho yamefifia. Ukifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, yaani f/1.8, ukiwa mita moja, panapoonekana vizuri ni kama sentimita 3 tu, na mimi nazungusha fokasi kwa mkono huku bibi harusi anacheza.

Mengine yote utasoma kwingine. Mimi nasema mota, kile kimashine kinachozungusha fokasi badala ya mkono wako. Lenzi zenye D mwishoni mwa jina, zisizoandikwa AF-S, hazina mota, zinategemea ya kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, na Nikon hawakuiweka kwenye D3000 wala D5000 na ndugu zao, yaani zile kamera tunazojifunzia wengi. Geuza lenzi utazame kitako: ukiona kijitundu chenye mfereji kama kichwa cha skrubu, bodi yako nayo lazima iwe na kijincha cha bisibisi kinachochungulia mdomoni. Hakipo? Mrudishie mwenyewe.

Namba moja kwangu ni AF-S 50mm f/1.8G ya mwaka 2011. Ndiyo, mimi ni wa Nikon, sifichi. Herufi hizo AF-S ndizo mota yenyewe, na kwenye bodi hizi ndogo inavuta kama 75mm kwenye kamera za sensa kubwa, sura inakaa vizuri bila pua kuvimba.

Ya pili, AF-S 85mm f/1.8G. Tamu mno, ila kwenye chumba cha kupanga utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati. 35mm f/1.8G ni ya tatu, kwa mtu kuanzia kiunoni, usimsogelee usoni.

Wa Canon hamna shida hii, lenzi zao za EF za fokasi otomatiki zina mota ndani. Chukueni 50mm f/1.8 STM ya 2015. Yongnuo ya Wachina ipo, bei yake ni rahisi, basi.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Nilipoirudisha yangu niliambiwa, "Dada, utaizoea tu." Bei mtandaoni ni "njoo inbox", ukifika dukani imepanda kwa sababu "imetoka Dubai". Na ukitoa bodi yako mfukoni uijaribishe palepale, unaambiwa unachelewesha wateja. Itoe hivyohivyo.