Sedani kubwa ya kukaa nayo miaka 10: ipi ununue, ipi uiache yadi

Kaa kiti cha nyuma cha Toyota Crown iliyotoka bandarini juzi, kisha vuta mlango. Honi za bodaboda na makelele yote ya Barabara ya Nyerere yanabaki nje. Hapo ndipo watu wengi hutoa hela. Lakini raha ya siku ya kwanza kila sedani kubwa inayo. Hata Mercedes iliyochoka ikipigwa polishi inayo. Mimi mtu akiniomba ushauri namwambia atafute jamaa mwenye gari la aina hiyo hiyo, la namba C, ambalo limekula matuta ya nchi hii miaka 10, aombe lifti kwenye barabara ya vumbi. Akishuka, aulize swali moja tu: mara ya mwisho ulinunua spea gani Ilala, na kwa shilingi ngapi?

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukaa na gari, si wa anayenunua leo auze mwakani. Nazungumzia magari yaliyotumika kutoka Japani, maana ndiyo tunayoyanunua.

Raha hufia wapi

Gari la kibosi huanza kufa miguuni. Injini ya V6, yaani ya silinda 6, ya Toyota ukiibadilishia oili kwa wakati itavuka kilomita 300,000 bila kufunguliwa. Bushi za mbele, bolijointi, shokapu na mipira inayoshikilia injini hazina subira hiyo. Bushi zikikatika, usukani unatetemeka ukikanyaga breki, tairi zinalika upande wa ndani, na ile Crown ya kimyakimya inaanza kugongagonga kama kabati la vyombo. Mwenyewe anasema gari limechoka, analitangaza mtandaoni. Kumbe halijachoka, limekosa bushi za siku moja kwa fundi.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa mambo matatu, kwa mfuatano huu: spea za miguu zipatikane Ilala, Gerezani, au kwa ndugu zetu wa Nairobi pale Kirinyaga Road, bila kuagiza na kungoja, giaboksi iwe ya aina ambayo mafundi wameshaizoea, na mbwembwe za umeme ziwe chache. Ulaji wa mafuta nimeuweka wa nne. Anayelia na mafuta anunue Premio, wala si aibu.

1. Toyota Crown Royal Saloon 2.5, toleo la S200 (2008 hadi 2012) au S210 (2012 hadi 2018)

Jina la Crown lipo tangu 1955 na Wajapani wamelitengeneza kwa ajili ya watu wazima wanaoendeshwa. Hilo unaliona kwenye upana: S210 ina milimita 1,800 tu, kwa sababu vichochoro vya Tokyo ni vyembamba. Kwetu ni neema, inapita mitaa ya Sinza bila kukunja vioo.

Chukua Royal Saloon, iache Athlete. Najua Athlete ina sura kali na rimu kubwa. Royal inabembea, Athlete inagonga, na wewe umesema unataka raha. Ukiona maandishi ya i-Four nyuma, hiyo inavuta kwa tairi zote nne. Walioitengeneza walikuwa na theluji ya Hokkaido kichwani. Hapa utabeba uzito na spea za ziada bila faida.

Injini yake, 4GR-FSE, ni ya cheni, kwa hiyo habari za kukatika mkanda sahau. Ina ugonjwa mmoja wa kuujua kabla hujatoa hela. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaganda pale kama masizi ya sufuria ya kuni. Dalili ni gari kutetemeka likiwa limesimama, hasa asubuhi. Yangu niliisafisha ikiwa na kilomita 140,000. Fundi alivua manifodi akakwangua mchana kutwa, masizi yaliyotoka yangejaza nusu ya kikombe cha kahawa. Si kufungua injini, na mtu asikutishe akuuzie injini ya mtumba kwa tatizo hilo.

Jambo la pili ni oili. V6 hii inataka zaidi ya lita 6 kwenye servisi. Fundi akija na galoni moja la lita 4 akakwambia "linatosha hilo, bosi", usimruhusu awashe. Nimeshaona injini mbili za Crown zilizokufa kwa kiu, na wenyewe wakiapa kwamba servisi hawajawahi kuruka.

Giaboksi ni ya gia 6 na haina kijiti cha kupimia mafuta. Kwa sababu hiyo watu wanaamini mafuta yake ni ya maisha. Ni ya maisha ya giaboksi, na wewe ndiye unayeamua yawe marefu au mafupi. Mimi nabadilisha kila kilomita 60,000, mafuta ya giaboksi ya Toyota yanayoitwa WS peke yake, na nashika risiti ya kopo mkononi kabla halijafunguliwa.

Mafuta ya kutembelea: yangu mjini ni kilomita 7 kwa lita, foleni ya Ubungo ikikaza inashuka mpaka 6. Nikienda Dodoma na kuheshimu tochi za trafiki napata 11, wakati mwingine 12.

2. Toyota Camry Hybrid XV50 (2011 hadi 2017)

Hii ni haibridi, yaani injini ya petroli inasaidiana na mota ya umeme. Wengi wanaiogopa na ndiyo maana bado inapatikana kwa bei ya maelewano. Nafasi ya miguu nyuma inaizidi Crown, kwa kuwa inavutwa na tairi za mbele na hakuna shafti inayopita katikati. Injini yake ya silinda 4, lita 2.5, inapuliza petroli kwa mtindo wa kizamani, kabla ya valvu, kwa hiyo ule ugonjwa wa masizi haiujui. Halafu angalia visivyokuwepo: haina stata, haina altaneta, haina feni belti. Kitu ambacho hakipo hakiharibiki. Giaboksi yake ni gia za sayari zinazosaidiana na mota, isichanganywe na CVT, ile giaboksi ya mkanda wa chuma ambayo nitaisema vibaya hapo chini.

Hofu ni betri kubwa. Betri ya namna hii inauawa na joto kuliko umri, na joto linaletwa na vumbi. Pale kwenye kiti cha nyuma kuna tundu la hewa linalopeleka ubaridi kwenye betri. Watu wanaweka begi la shule mbele yake, au zulia, mwaka mzima. Ukikagua gari piga magoti hapo, mulika kwa simu. Likiwa limeziba kwa nywele na vumbi, hesabu kwamba betri imepikwa. Kisha lipimwe kwa mashine, seli kwa seli. Na ukija kuharibikiwa usikubali kubadilishiwa seli moja ya mtumba katikati ya zile kuukuu. Utarudi pale kila baada ya miezi michache.

Ningekuwa naendesha mjini tu, ningeipandisha iwe ya kwanza. Naiweka ya pili kwa sababu ukitoka Dar, Arusha au Mwanza, fundi wa kuaminika wa haibridi bado ni wa kutafuta kwa tochi.

3. Toyota Mark X, toleo la 130 (2009 hadi 2019)

Chini ni ndugu wa Crown: injini ile ile ya 2.5, na spea nyingi za miguu zinaingiliana. Ukipenda kuendesha mwenyewe, hii inachangamka zaidi. Lakini dari iko chini nyuma, wazazi wako watainama kuingia, na tumbo la gari linasugua kila tuta lililojengwa na mwenyekiti wa mtaa. Ina faida moja juu ya ile ya zamani ya 120: 2.5 yake imepangwa kwa petroli ya kawaida, wakati ya 120 ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu.

Tatizo la Mark X ni wamiliki. Vijana wameikata springi, wamebadilisha bomba, wameikimbiza usiku. Ukipata iliyomilikiwa na mstaafu, iwahi.

4. Nissan Fuga Y51 (kuanzia 2009)

Gari zuri kuliko nafasi niliyoipa. V6 ya lita 2.5, giaboksi ya gia 7, ndani kumetulia kuliko Crown ya mwaka huo huo. Kinachoishusha ni duka: ukihitaji taa ya mbele au mkono wa chini wa tairi, muuzaji anaanza kupiga simu badala ya kunyoosha mkono rafuni.

5. Nissan Teana J32 (2008 hadi 2014)

Viti vya Teana ni makochi. Kuna zenye kiti cha abiria wa mbele kinachoinua miguu, na hakuna gari lingine kwenye orodha hii ambalo mke wangu alilisinzilia kabla hatujafika Mlandizi. Tatizo liko kwenye CVT. Ile ya mkanda wa chuma haina uvumilivu na joto, foleni, wala mafuta yasiyo yake. Ikianza kuvuma na kusita ukikanyaga mlimani, matengenezo yake yanaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari. Ukiipenda kweli, ingia ukijua utabadilisha mafuta ya CVT kila kilomita 40,000 na kwamba kuiuza kutakuwa kazi.

6. Mercedes-Benz E-Class W212 (2009 hadi 2016)

Barabarani haina mpinzani hapa. Panda Kitonga nayo uone. Lakini injini ya 1.8 ya matoleo ya mwanzo inajulikana kwa cheni kurefuka na gia za kamshafti kulika. Ukisikia mgaragazo wa sekunde 2 au 3 asubuhi, hiyo ndiyo sauti yake. Gari hili ni la mtu mwenye fundi wake maalumu, mwenye kompyuta ya kusoma Mercedes, na mwenye gari la pili nyumbani. Ukiwa na hayo yote, orodha yangu haikuhusu.

Mtaniuliza Crown Majesta. Zile za zamani zinakaa juu ya mifuko ya hewa. Ni tamu ajabu, mpaka asubuhi unayotoka nje ukute gari limepiga magoti. Brevis je? Niliipenda sana. Lakini zilikoma 2007, na teknolojia yake ya D-4 (ile ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) ya kizazi cha kwanza ilishawatoa jasho mafundi wengi kwenye pampu ya petroli.

Kodi kabla ya mapenzi

Ukiagiza mwenyewe kuja Tanzania, injini iliyozidi cc 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa wa 10%, wakati ya kati ya cc 1,000 na 2,000 ni 5%. Juu yake kuna ile ya uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, lililopita 10 ni 30%. Magari yote ya orodha yangu yamevuka cc 2,000 isipokuwa Mercedes za injini ndogo, kama hiyo ya 1.8. Fungua kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) mtandaoni kabla hujatuma dola Japani, maana viwango hubadilika na bajeti. Walioko Kenya, gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo S200 na Teana mtazipata kwa mkono wa pili wa humo humo ndani.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti ni ya moto, ahirisha. Washa mwenyewe, sikiliza sekunde za kwanza, kisha iache injini ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta na uweke kiganja kwenye dashibodi. Kwenye Toyota za V6 mulika pampu ya maji: ikivuja huacha ukoko wa rangi ya waridi, rangi ya maji yao ya rejeta. Nyanyua zulia la buti uguse chini ya tairi la spea, kwenye gari lililozama mafuriko tope halitoki kona zile hata lioshwe vipi. Karatasi ya mnada wa Japani idai. Ikiwa na R, gari liligongwa likatengenezwa. Si lazima ulikimbie, lakini bei ishuke.

Kisha fungua mlango wa dereva utazame ubavuni, na chini ya boneti. Wajapani hubandika stika kila wakibadilisha oili. Maandishi huyaelewi, ila namba za kilomita ni zile zile za kwetu. Mwaka juzi nilimsindikiza shemeji yangu kuangalia Crown ya 2010, nyeupe, viti bado vina nailoni. Mita ilisoma 68,000. Dalali akatuhadithia mwalimu mstaafu wa Japani aliyekuwa analitumia kuendea sokoni. Nikafungua mlango nikamwonyesha stika: 131,000. Akaitazama, akatazama mita, akafuta stika kwa kidole kama vile ni vumbi.

"Hiyo itakuwa ya gari lingine, mkuu," akasema.