Fundi wa Mwembe Tayari na kompyuta yangu iliyokuwa ikiganda

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2010, yenye kichakataji cha Core 2 Duo, nami huitumia kuweka hesabu za duka na kutengeneza kadi za harusi. Miezi miwili iliyopita niliipeleka kwenye duka moja la mjini, nikaongezewa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kutoka GB 4 hadi GB 8, nikawekewa diski ya SSD na kadi ya picha, ile inayotengeneza picha za skrini. Hazikupita siku mbili ikaanza kuganda: kipanya hakisogei, saa ya kwenye skrini imesimama, na hakuna njia ila kuizima kwa swichi. Duka lile liliniwekea Windows upya mara mbili, kila mara kwa malipo, na mara zote mbili ikaganda tena.

Jirani akanielekeza kwa fundi mwenye chumba kidogo ghorofani, Mwembe Tayari, Mombasa. Kabla hajashika bisibisi aliniuliza, "Ami, kabla haijaanza kuganda, iliongezwa nini?" Duka la kwanza, ambalo ndilo lililoongeza, halikuwahi kujiuliza hivyo.

Alichomoa vitu vyote vipya, akaiacha mashine ifanye kazi kutwa nzima katika hali yake ya zamani, isigande. Kisha akaiwasha kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM ambayo haitegemei Windows, kwa hiyo kosa likijitokeza humo, kuweka Windows upya hakuwezi kusaidia kitu. Alipima kipande kimoja kimoja katika tundu lile lile, asije akakilaumu kipande kwa ubovu wa tundu. Kipande kimoja kati ya vile vipya kilijaza skrini mistari myekundu ya makosa.

Mimi ningeridhika hapo. Yeye alirudisha SSD, mashine ikatulia. Aliporudisha kadi ya picha na kuipa kazi nzito, ikaganda. Alipima waya wa volti 12 wa pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, kazi hiyo ikiendelea, akanionyesha kipimo kikishuka hadi 11.2, ilhali kiwango kinachokubalika hakipaswi kupungua 11.4. Kadi ya namna hiyo inaweza kuvuta hadi wati 75 kupitia tundu lake, na pawasaplai yangu ya tangu 2010 ilikuwa na kapasita (vijisilinda vya kuhifadhi chaji) mbili zilizovimba vichwa. Joto letu la pwani na stima inayokatika na kurudi ghafla haviihurumii pawasaplai kuukuu, na naamini mwenye kuongeza kadi kwenye mashine ya umri huo anawajibika kuikagua kwanza.

Kazi ilichukua siku nne, na hilo ndilo lalamiko langu, kwani aliniahidi mbili na hakunipigia simu nilipokuwa nikingoja na oda za watu mkononi. Risiti nayo niliipata baada ya kuiomba. Hata hivyo alinitoza shilingi 1,500 za ufundi na 2,000 za pawasaplai iliyotumika ambayo aliipima mbele yangu, akanirudishia kile kipande kibovu kikiwa kimewekwa alama, nami nikakirudisha kwenye duka la kwanza nikabadilishiwa. Leo ni wiki ya tano, mashine inashinda ikiwaka kuanzia saa mbili asubuhi, na haijaganda hata mara moja.