Nta ya Sufu ya Kondoo Chini ya Jiliwa: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja wa Kazi

Fundi akitaka kujua kama jiliwa la mashine yake, yaani kibanio kinachoshika kazi (kipande cha chuma kinachochongwa), limeshika kutu, kwa kawaida hutazama mataya, ile midomo yake miwili ya kubania, kwa kuwa ndiyo yaliyo mbele ya macho yake na ndiyo anayoyafuta kila jioni. Nami nilikuwa na desturi hiyo hadi siku nilipotaka kulihamisha jiliwa la mashine ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, likakataa kuondoka mezani ingawa bolti zote zilikuwa zimekwisha kulegezwa. Nililigonga kwa nyundo ya mpira mara mbili tatu, likaachia ghafla. Chini yake nilikuta ukingo wa rangi ya kahawia uliofuata umbo la kitako chake, na ndani ya ukingo huo madoa meusi yaliyokuwa yameula uso wa meza kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha. Mataya, muda wote huo, yalikuwa yanang'aa.

Ndiyo sababu nilipoanza kutumia nta ya sufu ya kondoo, ambayo huuzwa pia kwa jina la lanolini, niliamua kuihukumu kwa kile inachofanya mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kwa mwaka mmoja nimeipaka chini ya majiliwa mawili, kwenye nati za T zinazoingia mifereji ya meza ili kulifunga jiliwa, kwenye klempu za akiba na kwenye vyuma sambamba vya kupandishia kazi, huku sehemu nyingine za karakana zikiendelea kupakwa dawa nilizozizoea. Nimeridhika nayo, lakini si kila mahali, na mahali ambapo mtu angekuwa wa kwanza kuipaka ndipo hasa isipotakiwa.

Kwanza lazima ieleweke kwa nini kitako cha jiliwa huoza kabla ya mataya. Nyuso mbili za chuma zilizosagwa zikakaa pamoja huonekana kana kwamba hazina nafasi kati yake, ila maji ya kupozea huona nafasi hiyo vizuri sana. Huvutwa ndani na wembamba wenyewe wa mwanya, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na yakishaingia hayana njia ya kukauka. Pembeni mwa mwanya kuna hewa, katikati hakuna, na tofauti hiyo ya oksijeni hugeuza chuma chenyewe kuwa kitu kama betri ndogo ambamo sehemu iliyokosa hewa ndiyo inayoliwa. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo uvimbe mdogo chini ya pembe moja ya jiliwa hulinyanyua, na fundi hutumia asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye kisu cha mashine, wakati kosa liko chini ya kitako.

Sasa niseme kuhusu dawa nilizozilinganisha. Ya kwanza ni zile za kupuliza zinazofukuza maji. Kopo maarufu kuliko yote la aina hii, WD-40, lilibuniwa Marekani mwaka 1953, na herufi zake mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, wakati 40 ni hesabu ya jaribio lililofaulu. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kulinda ngozi ya makombora ya Atlas. Dawa za jamii hii hufanya barabara kile zinachoahidi: huingia chini ya tone la maji na kulisukuma litoke. Lakini sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye kopo ni kiyeyushi ambacho huruka, na utando unaobaki ni mwembamba mno kwa chuma kitakachokaa miezi bila kuguswa. Mwisho wa siku ya kazi, baada ya kuosha chenga za chuma kwa maji ya kupozea, sitaki dawa nyingine; kwa kuhifadhi jiliwa rafuni, siitegemei hata kidogo.

Oili nyepesi ya mashine ina kasoro ya namna nyingine. Hukaa muda mrefu zaidi, lakini hutiririka kuelekea chini, kwa hiyo uso uliosimama wima, kama ule wa taya lisilosogea, hubaki mkavu juu na kulowa chini. Karatasi zenye dawa ya mvuke, ambazo hutoa kemikali inayotua juu ya chuma na kukizuia kisishike kutu, ni nzuri kupita nilivyotarajia, mradi kifaa kimefungwa ndani ya mfuko au sanduku lisilopitisha hewa. Ukiiacha karatasi hiyo juu ya jiliwa lililo wazi, mvuke wake huishia kunufaisha dari. Na hapa niwatahadharishe wanaopenda masanduku ya mbao: mbao za mwaloni hutoa asidi ya namna ya siki, na chuma kilichofungiwa humo huweza kushika kutu upesi kuliko kilichoachwa mezani.

Nta ya kondoo ni jambo jingine kabisa. Kondoo hutumia nta hii kuzuia mvua isimlowanishe, na kwenye chuma hufanya kazi iyo hiyo. Si mafuta kwa maana ya kawaida, bali ni nta laini yenye kunata, nayo ina tabia ambayo mwanzoni ilinitia wasiwasi: haiyakatai maji kabisa, bali huweza kuyameza ndani yake na bado ikabaki imeshikamana na chuma. Tone lililokwama kwenye mwanya hunaswa ndani ya nta badala ya kukaa juu ya uso wa chuma. Mwezi wa nne nililifungua jiliwa la kwanza kwa makusudi. Lilitoka kwa mkono, bila nyundo. Kitako kilikuwa na utando wa rangi ya maziwa palipoingia maji, nilipoufuta kwa kidole chuma kilichokuwa chini yake kilikuwa cha kijivu kisafi, hata zile alama za kusagwa zikaonekana. Madoa ya zamani yalikuwapo, kwa sababu hakuna nta inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa, ila hayakuwa yameongezeka.

Namna ya kupaka ina umuhimu kuliko dawa yenyewe. Nta ikiwa baridi ni ngumu na hujikusanya kwa mabonge, na bonge chini ya jiliwa ni sawa na chenga chini ya jiliwa. Huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 40 za Selsiasi, kwa hiyo nililiweka kopo ndani ya maji ya moto kwa dakika chache, nikausafisha uso wa meza kwa spiriti, nikapaka kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha nikaufuta uso kana kwamba nataka kuiondoa nta yote. Kile kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachotakiwa. Nilipolifunga jiliwa na kupitisha saa ya kupimia usawa juu ya reli zake, sindano haikucheza zaidi ya mstari mmoja wa sehemu ya mia ya milimita, kama ilivyokuwa kabla ya kupaka. Mara ya pili nilifanya haraka, nikapaka nene, na sindano ikanisuta papo hapo.

Kasoro sasa. Nta hii haipaswi kupakwa kwenye mataya. Jiliwa hushika kazi kwa msuguano, na utando unaonata kwenye vidole ni telezi chini ya shinikizo. Niliona kipande cha feleji kikisogea ndani ya mataya niliyokuwa nimeyapaka kwa uzembe, na kisu kikaacha mfuo wa mshazari ambao bado ninao juu ya benchi kwa ukumbusho. Onyo hilo linahusu pia mataya ya kerezo, mashine inayozungusha kazi yenyewe, ambako kazi ikichomoka huruka. Kasoro ya pili ni kwamba hukusanya vumbi na chenga ndogo, hivyo skrubu ya jiliwa iliyopakwa nta hii hugeuka kuwa msasa. Skrubu iachieni grisi yake. Harufu ni ya kondoo aliyenyeshewa, na ingawa mimi nimeizoea, wenzangu hawakunisamehe upesi. Na kopo nililonunua lilikuwa limeshika kutu kwenye ukingo wa mfuniko, jambo lililotuchekesha wote: kinyozi hajinyoi.

Katika joto kali nta hulainika na kuanza kushuka yenyewe. Jiliwa lililohifadhiwa chini ya paa la bati linahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi kuliko lililo kwenye chumba chenye baridi, na kwa hali hiyo dawa za nta ngumu za kupuliza, ambazo hukauka na kuacha gamba lisilonata, huenda zikafaa zaidi, ingawa kuziondoa kunahitaji kiyeyushi na subira.

Yapo mambo mawili ambayo hakuna kopo litakaloyatatua. La kwanza ni maji ya kupozea yenyewe. Yakichanganywa na dawa yake kwa kiwango anachoagiza mtengenezaji, ambacho kwa kazi nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10, yana kinga yake dhidi ya kutu. Lakini maji hufuatana na chenga na kitambaa, tangi hupungua, fundi huongeza maji matupu kutoka bombani, na baada ya wiki kadhaa anaosha mashine yake kwa kitu kinachokaribia maji ya kisima. Kipimo cha mkononi cha kuangalia mkolezo kwa mwanga kimenisaidia kuliko nusu ya dawa nilizowahi kununua. La pili ni mikono. Kuna watu ambao jasho lao hula chuma kuliko la wengine. Mmoja wa wenzangu alishika chuma sambamba kipya jioni, na asubuhi alama ya kidole gumba chake ilikuwa imeandikwa juu yake kwa kutu, mistari yote ikisomeka kama muhuri. Vyuma vyote sambamba sasa hupakwa nta na kufungwa ndani ya karatasi ya mvuke, naye ana kitambaa chake mwenyewe chenye oili.

Neno moja pia kuhusu kufunika. Jiliwa zito hubaki baridi saa nyingi baada ya hewa kupata joto, na hewa hiyo yenye unyevu ikiligusa, chuma hutoka jasho kama chupa iliyotoka kwenye friji. Turubai la plastiki huyafungia maji hayo ndani. Kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa oili kidogo hupumua, nacho ndicho ninachotumia usiku.

Ninalipa kopo hili alama nne kati ya tano kwa kitako, nati za T na vifaa vya kuhifadhi, na moja kwa mtu atakayelinunua akidhani atalipaka kila mahali. Kiasi kidogo hutosha: baada ya mwaka mzima kopo la ujazo wa nusu lita halijafika nusu. Jiliwa la pili nitalifungua tena mwezi ujao, nyundo ikiwa kwenye droo.