Darasa la fedha la likizo kwa wanafunzi wa sekondari, Chumbageni Tanga

Wazazi wenzangu wa Tanga, binti yangu yupo form three na likizo hii nilimpeleka lile darasa la fedha la wiki moja hapa Chumbageni, elfu 20 pamoja na daftari, na kiukweli hela yangu haijapotea.

Siku ya mikopo ndo imenifurahisha zaidi. Mwalimu hakuhubiri, alishika chaki akaandika mfano wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa: unakopa laki, unakatwa elfu 10 ya fomu juu kwa juu, mkononi unabaki na elfu 90, mwisho wa mwezi unarudisha laki na elfu 30. Akauliza riba ngapi, darasa zima asilimia 30! Akawaambia pigeni tena kwa hela mliyoshika mkononi, ikatoka 44 na kitu, yaani kwa mwezi mmoja tu jamani. Jioni binti akamng'ang'ania shangazi yake anayeuza vitumbua Ngamiani amuoneshe karatasi yake ya marejesho, wakakaa na kalamu mpaka usiku.

Wakagusia pia bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwamba ukisoma kwa mkopo wake, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kitu ambacho wengi wanakijua salary slip ikishatoka.

Hatifungani, yaani unaikopesha serikali au taasisi hela nayo inakulipa riba, ndo walilipua. Wana mfano mzuri wa hapahapa nyumbani, ile ya mamlaka yetu ya maji, Tanga Uwasa, ya 2024, bilioni 53.12 za kupanua mradi wa maji, miaka 10 kwa riba ya 13.5 kwa mwaka, mtoto angepigiwa tu kwamba aliyeweka milioni anapata 135,000 kila mwaka angeelewa hapohapo, badala yake wakasomewa maana na kunakili. Na chumba kidogo, joto la Tanga mnalijua.

Kinachoniuma ni kwamba haya anayapata mwenye elfu 20. Kule Marekani jimbo la Utah mwanafunzi hamalizi sekondari bila somo la fedha binafsi, ni lazima kwa wote. Sisi mtaala mpya umeleta Elimu ya Biashara kwa wote, nashukuru sana, ila ile hesabu ya kausha damu naitaka ubaoni kila shule ya kata, tena kabla ya form four maana wakimaliza tu wanakutana na mikopo ya kwenye simu.

Desemba wanafungua tena, unajiandikisha palepale, mtoto abebe kikokotoo maana simu haziruhusiwi.