Dawati la malalamiko ya ubaguzi, chuo kikuu cha umma Nairobi: nyota 3 kati ya 5

Huduma ni bure na mapokezi ni ya heshima. Mlango hufungwa, asisikike nje, kabla mwanafunzi hajaulizwa lolote. Wanaojua ofisi zetu wataelewa uzito wa hilo.

Kasoro inaanzia kwenye fomu. Ina visanduku vya kabila, dini, jinsia na ulemavu tu, ilhali Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja pia ujauzito, hali ya afya, mavazi na lugha. Mjamzito aliyezuiwa kufanya mtihani anaishia kwenye “mengineyo”, na mengineyo hayana mwenyewe.

Malalamiko mengi huangushwa na maelezo mepesi. “Mhadhiri ananichukia” haifiki mbali. Andika tarehe, saa, chumba, maneno kama yalivyotamkwa, waliokuwepo na, muhimu kuliko yote, ni nani mwenye hali kama yako aliyetendewa tofauti. Hapo ndipo ubaguzi huonekana. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri utaambiwa barua haijafika.

Kibaya zaidi, faili hurudishwa kwa idara ileile inayolalamikiwa ili “itoe maoni”, na huko hulala. Omba kwa maandishi mwenyekiti wa idara asiwe kwenye kamati. Kimya kikizidi, dai rekodi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Nakala yenye muhuri ndiyo utakayobeba ukienda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma, au Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa.