Sufuria ya kupikia bia nyumbani: lita 20 au lita 40?

Ukitaka kupika bia lita 19 kwa mkupuo, sufuria ya lita 40 ndiyo yenyewe. Maji ya kimea yakianza kuchemka, povu hupanda ghafla hadi ukingoni, na kwa saa moja ya kuchemsha hupotea lita 3 au 4 kwa mvuke, hivyo unaanza na lita 23 hivi. Ya lita 20 haina nafasi hiyo kabisa. Ila anayeishi chumba kimoja Sinza, na jiko la mtungi wa kilo 6, ningemshauri achukue hiyo ndogo: apike lita 10, aipoze upesi kwenye beseni la barafu, maana joto la Dar halisaidii. Kariakoo zipo zote; chagua yenye kitako kinene, kimea kisiungue.